Mama Mkwe na Kiti cha Kulia

Kinyozi alinunua ndege mpya, na kabla hajairusha hata mara moja, mama mkwe wake akateleza bafuni akavunjika mguu.

Ndege yenyewe haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya kompyuta, ya kuongeza kwenye ule mchezo wa urubani aliokuwa akiucheza nyumbani kwa miaka. Lakini usimwambie yeye ni mchezo. Ndege zilizokuja na mchezo wenyewe alikuwa ameshazichoka. Unabonyeza kitufe kimoja, injini zinanguruma, unapaa. Vitufe vingi mle ndani vilikuwa picha tu. Ukivigusa, kimya, kama kugonga mlango uliochorwa ukutani. Hii mpya ilitengenezwa na watu walioketi na marubani na mafundi wa kweli, wakapima kila kitu na kurekodi kila mlio. Ilikuwa ndege ya abiria ya injini mbili, na kila swichi iliyoonekana ilikuwa na kazi yake. Hata vile vishikio vya kuongezea nguvu vilikuwa vimechubuka rangi pale mikono inaposhika. Kinyozi alipoiona ile rangi iliyochubuka kwenye picha, alijua hana ujanja, ataitafuta mpaka aipate.

Mwongozo wake ulikuwa mnene kuliko kitabu cha sheria. Aliusoma kwenye simu, dukani kwake kwa kunyolea, kati ya kichwa na kichwa. Wateja walikuwa wamezoea. Walimwita Kapteni, na wengine wakikaa kitini walijifunga taulo shingoni na kuuliza, "Kapteni, leo tunatua wapi?"

"Tunatua kisogoni," angejibu, na kuwasha mashine.

Sasa, nyumba yao ilikuwa na chumba cha kulala, jiko, na sebule. Kompyuta ilikuwa sebuleni, juu ya meza iliyobanwa usukani, na chini yake pedali za miguu. Mama mkwe alipotoka hospitali na mguu wake kwenye plasta, hakukuwa na pengine pa kumlaza ila sebuleni. Kochi likatolewa, kitanda kikaingia. Na ukikaa kwenye kompyuta, kitanda kinakuwa nyuma yako moja kwa moja.

Ampe mama mkwe mgongo? Heri asirushe.

Kwa mkwe mwingine pengine lingekuwa jambo la kuombana radhi na kucheka. Kwa hawa wawili halikuwa. Siku kinyozi alipokwenda na wazee wake kuposa, mama huyu alisubiri watu wamalize maneno yao marefu, kisha akauliza, "Kazi yako ni vichwa vya watu. Wakiamua kufuga nywele, mwanangu atakula nini?" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kinyozi naye alicheka. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki. Tangu hapo baina yao ilikuwa shikamoo na marahaba, basi. Miaka ikapita hivyo.

Hata sasa, wakilala chini ya paa moja, mama alipitisha maneno yake kwa binti yake.

"Mwambie mumeo chai ilikuwa na sukari nyingi."

"Mama, si huyo hapo?"

"Ndiyo. Mwambie."

Mkewe, ambaye alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa na hakuwa na subira ya mambo hayo, aligeuka. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema kinyozi. "Mwambie mama nitapunguza."

Jumatatu duka la kunyolea hufungwa. Mkewe alikwenda kazini, akamwachia maagizo: vidonge baada ya chakula, maji karibu, mguu ukae juu ya mto. Kinyozi alitimiza yote kimyakimya. Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni akatazama meza ya kompyuta, kama mtu anayetazama sufuria iliyofunikwa na harufu inatoka.

Mwishowe akajikaza. "Mama, naomba ruhusa niwashe kompyuta kidogo. Sauti nitaipunguza."

"Nyumba yako, kompyuta yako," alisema mama.

Akawasha. Ili asimpe mgongo, aliketi upande, magoti yameelekea dirishani na shingo imepindwa kuelekea kioo cha kompyuta.

"Utavunjika shingo," mama akasema kutoka kitandani. "Tutauguzwa wangapi humu? Kaa vizuri."

Akakaa vizuri. Ndege ilitokea mbele yake ikiwa imezimwa kabisa, giza ndani, mvua nyepesi ikitiririka kwenye vioo. Aliwasha betri. Taa chache zikafumbua macho. Akawasha injini ndogo ya mkiani, ile inayoipa ndege umeme na hewa kabla zile kubwa hazijaamka, akasikia inavyoanza kwa mluzi mwembamba na kupanda. Alifuata mwongozo hatua kwa hatua, akafika kwenye kuwasha injini ya kulia. Ikazunguka, ikazunguka, isiwake. Akarudia. Ikazunguka tena, ikatulia. Mara ya tatu alijishika kichwa.

"Ile taa ya njano juu kulia," mama alisema, "imewaka muda wote. Mbona huijibu?"

Kinyozi alidhani hakusikia vizuri. "Taa gani, mama?"

"Juu. Kulia. Taa ikiwaka maana yake kuna mtu anasubiri kwenye laini."

Akainua macho. Kweli, kwenye ubao wa juu kulikuwa na taa ndogo ya njano, na chini yake swichi ya pampu ya mafuta ya upande wa kulia. Alikuwa ameiruka. Aliibonyeza, taa ikazimika. Akawasha injini tena. Safari hii ilianza kukoroma chini chini, sindano za vipimo zikapanda moja baada ya nyingine, halafu mngurumo ukatulia na kuwa mvumo mmoja mnene ulioifanya glasi ya maji kwenye stuli itetemeke.

Aligeuka. Mama alikuwa ameinuka kwa viwiko.

Kinyozi alijua kwamba mama mkwe wake aliwahi kufanya kazi ya simu, lakini hakuwahi kuuliza zaidi. Sasa ndipo alipoambiwa. Alikuwa opereta tangu usichana wake, zama zile mtu akitaka kupiga simu mbali anamwomba opereta amuunganishe. Alikaa mbele ya ubao mrefu wenye matundu na taa, vipokea sauti masikioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule, taa zikiwaka kama vimulimuli. Kisha mitambo mipya ikaja, ubao ukabebwa na winchi, na yeye akapewa meza ya kugonga mihuri mpaka akastaafu.

"Na kile kitufe?" aliuliza sasa.

"Kinapasha moto kioo cha mbele kisigande barafu."

"Na kile cha pembeni?"

"Hewa ya chumba cha abiria."

"Vyote vinafanya kazi? Hakuna vya urembo?"

"Hakuna, mama. Hata kimoja."

Akasukuma shuka pembeni. "Basi nisogeze."

Kumsogeza haikuwa kazi ndogo. Kiti chenye mikono kililetwa, stuli ya mguu, mto juu ya stuli, na mto mwingine wa mgongo. Alipokwisha kukaa, kinyozi alisema, kwa adabu zote, "Hapo ndipo anapokaa rubani msaidizi, mama. Kiti cha kulia."

"Kulia chakula au kulia machozi?"

Kinyozi alicheka kabla hajakumbuka anacheka na nani.

Mkewe aliporudi jioni alikuta mlango wa sebule umefungwa na sauti ya mama yake ikitoka ndani, ile sauti kali, safi, ya zamani, ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Breki ya kuegesha."

"Imefungwa."

"Milango."

"Imefungwa yote."

"Taa ya mkanda."

"Inawaka."

Alifungua. Mama yake alikuwa amevaa miwani na vipokea sauti, mwongozo mapajani. Mumewe alikuwa ameshika usukani.

"Nyinyi mmeanza kuongea lini?"

"Funga mlango," mama alijibu bila kugeuka. "Tunaondoka."

Wiki zilizofuata nyumba ilibadilika. Kinyozi alifunga duka mapema kidogo, wateja wakanung'unika, wengine wakakubali kunyolewa haraka. Alipofika nyumbani alimkuta mama ameshakaa kitini, amechagua waendako. Hakutaka safari fupi za kupaa na kutua. Alitaka kuwasha ndege kutoka gizani, taratibu, kila kitu kwa zamu yake. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni ule muda ndege inapokaa kimya ikitafuta iko wapi duniani kabla ya kukubali kuondoka. "Ina akili," alisema. "Watu wangapi wanaondoka hawajui walipo?" Alipenda pia mlio wa swichi. Alimfanya kinyozi awashe na kuzima swichi ileile mara kadhaa, asikilize tu, macho amefumba.

Yeye kinyozi alikuwa amezoea raha yake ya upweke. Mkewe kamwe hakuelewa furaha ya kukaa saa nzima ukitazama mawingu ya bandia. Sasa alikuwa na mtu aliyeona anachokiona. Wakiwa juu kabisa, ndege imeshika njia yenyewe, jua likiingia upande mmoja na kivuli cha fremu ya dirisha kikitembea polepole juu ya vitufe, mama angesema, "Tazama. Hata vumbi wameweka." Na kweli vumbi lilikuwapo, kwenye kona za vioo. Hawakuzungumza mengine. Hawakuzungumza habari za posa. Lakini neno "mwambie mumeo" halikusikika tena.

Ndipo siku moja, akipekua kurasa za mbele za mwongozo, mama akakuta habari za hitilafu. Ndege ile iliweza kuharibika. Ukiruhusu, kitu chochote kinaweza kufa wakati wowote, bila kukuarifu.

"Wewe umeruhusu?"

"Hapana, mama. Ya nini kujitafutia balaa?"

"Simu isiyokatika si simu. Ruhusu."

"Mama..."

"Ruhusu, baba."

Akaruhusu. Siku kadhaa hazikutokea hitilafu za maana. Taa moja iliungua, pampu moja ikagoma, wakafungua ukurasa wake, wakamaliza. Kinyozi akaanza kujiona bingwa.

Jumapili alasiri waliondoka kwenye uwanja ulio bondeni, milima pande zote, mawingu yamekaa chini kama shuka. Mkewe alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Ndege ilikuwa nzito, imejaa abiria na mafuta. Ilikuwa ndiyo kwanza imeacha ardhi, magurudumu yanaingia tumboni, kengele ikalia. Si kengele ya kubembeleza. Ilikuwa kengele ya shule inayoungua. Taa nyekundu ikawaka katikati ya ubao.

Kinyozi aliushika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa akijua kwamba amekaa sebuleni kwake, kwamba hakuna abiria hata mmoja. Mwili haukujua. Ndege ilivutika upande mmoja, akaukandamiza usukani, mlima ulikuwa mahali fulani ndani ya weupe ule na hakujua ni wapi.

"Moto," alisema mama. "Injini ya kushoto. Ngoja nitafute ukurasa. Hapa pana moto wa chooni... hapa moto wa magurudumu... Hivi chooni kunawakaje moto, nani alikuwa anavuta..."

"Mama, nyamaza! Soma!"

Jikoni mwiko ulianguka.

Sauti ile ilikuwa imetoka kwa nguvu kama ya kondakta stendi. Kinyozi aliisikia yeye mwenyewe kana kwamba imetoka kwa mtu mwingine, lakini hakuwa na nafasi ya kuishughulikia. Ndege ilikuwa inapanda kwa shida, kengele bado inalia.

Mama hakunyamaza wala hakushtuka. Akasoma.

"Punguza nguvu ya injini inayoungua mpaka mwisho. Mwenzako athibitishe kabla hujagusa."

Mkono wa kinyozi ulikuwa tayari kwenye kishikio.

"Hicho si chenyewe," mama alisema. "Umeshika cha kulia."

Akatazama. Alikuwa ameshika cha kulia. Angeizima injini iliyo nzima, akabaki na inayoungua, na mlima mbele. Aliondoa vidole kana kwamba vimegusa pasi.

"Kushoto," alisema.

"Kushoto. Nathibitisha."

Akakirudisha nyuma. Akakata mafuta, akavuta kile kishikio chekundu, akakizungusha kumwaga dawa ya moto. Walisubiri. Taa ilibaki nyekundu kwa muda uliomtosha kinyozi kuwaza mambo mengi ya hovyo, kisha ikazimika. Kengele ikakata. Ukabaki mvumo wa injini moja.

"Endelea," alisema mama.

Walizunguka juu ya mawingu, wakapanga kurudi. Mama alisoma, kinyozi akajibu, mama akasoma, kinyozi akajibu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, akitazama hawa watu wawili wasiomtazama. Waliteremka tena katika weupe, na kinyozi aliona taa za njia ya kutulia zikichomoza mahali palepale zilipopaswa kuwa. Ndege iligusa chini upande mmoja, ikaruka, ikagusa tena, ikakimbia mpaka karibu na ukingo wa lami, ikasimama.

Harufu ya vitunguu vilivyoungua ilikuwa imejaa nyumba nzima.

Kinyozi aliachia usukani. Sasa ndipo neno lake lilipomrudia. Akainuka, akapiga goti kando ya stuli yenye mguu wa plasta.

"Mama, nisamehe. Sijawahi kukupandishia sauti. Nimekosa adabu."

"Inuka, utaniangusha mguu." Mama alivua vipokea sauti, akajifuta jasho kwa kanga. "Pale simu, mvua ya radi ikipiga taa zote zilikuwa zinawaka kwa pamoja. Msimamizi wetu alikuwa anapiga kelele mpaka anakauka. Mvua ikiisha anatununulia soda. Ungenibembeleza kwenye moto ule, ndugu yangu, tungekuwa tumekwisha kuugonga mlima."

Mkewe akaangua kicheko. "Nimeunguza chakula chote kwa sababu yenu."

Kinyozi hakuinuka. Pengine ni kwa kuwa alikuwa bado na ile hali ya mtu aliyeponea chupuchupu, na mtu wa namna hiyo ulimi wake hauna breki. "Mama, siku ile ya posa. Ulisema wakiamua kufuga nywele mwanao atakula nini."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Nani alisema?"

"Wewe, mama."

"Mimi?" Akamgeukia binti yake. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema," alisema binti. "Watu walikaribia kufa kwa kicheko."

Mama alifikiri, na ilionekana wazi kwamba anatafuta na hapati. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Lilikuwa neno zuri," alisema. "Wallahi, lilikuwa zuri. Na wewe umelibeba miaka yote hii? Mimi nilidhani hunipendi tu! Kila nikija, shikamoo, halafu unakimbilia dukani kwako. Nikamwambia marehemu mume wangu, huyu kijana ananiona nyoka. Akasema mwache, wanaume wengine hawana maneno. Nikakuacha."

Hapo kinyozi akainuka. Aliona aibu kidogo, na pia alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia ambalo kumbe hakuna aliyemtwisha. Jioni ile walikula mkate na mayai, na mama akala akielekea kioo, akisoma ukurasa wa hitilafu za breki.

Plasta ilitolewa, mama akajifunza kutembea tena kwa fimbo, na siku ya kurudi kwake ikafika. Nyumba yake ilikuwa katika mji mwingine, mbali kiasi cha kutosha. Kitanda kilitoka, kochi likarudi. Jumatatu iliyofuata kinyozi aliwasha ndege peke yake, akaisoma orodha ya ukaguzi kwa sauti na kujijibu mwenyewe, akaona anajifanya mwehu. Akazima kabla hajapaa.

Akiwa anasoma mwongozo dukani, katika sura ambayo zamani aliiruka kwa kuona haimhusu, akakuta kwamba ndege ile inaweza kurushwa na watu wawili walio nyumba mbalimbali. Mmoja anageuza swichi kwake, inageuka na kwa mwenzake. Inatakiwa kompyuta ya pili tu, na mtandao usiolegea. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka nje kumpigia mkewe.

"Yaani umnunulie mama yangu kompyuta?"

"Iliyotumika. Nitamfungia mwenyewe."

"Na mimi nikitaka kuongea na nyinyi nipige wapi, mnara wa uwanja wa ndege?"

Lakini alikuwa anacheka, na wikiendi ile ndiye aliyebeba kioo cha kompyuta mapajani safari nzima asikubali kiwekwe chini.

Walifunga mitambo kwenye meza ya chakula ya mama, mbele ya dirisha linalotazama uani kwa jirani. Jirani alikuja kuchungulia, akauliza bibi anafanya nini, akaambiwa anajifunza kazi.

Safari yao ya kwanza ya mbali ilikuwa Jumatatu. Kinyozi alipounganishwa alimkuta mama ameshaingia, taa zinawaka, na amekaa upande wa kushoto.

"Mama, hicho ni kiti cha rubani mkuu."

"Najua. Nimekusomea vya kutosha. Leo soma wewe."

Akasoma. Alimwona anageuza swichi kutoka huko aliko, moja baada ya nyingine, bila pupa. Mama alipaa vizuri. Njiani mtandao ulikatika mara moja, ukarudi. Wakati wa kutua upepo ulikuwa wa ubavuni, na kinyozi ilibidi aikalie mikono yake asiguse usukani. Mama alichelewa kuinua pua ya ndege, nayo ikaangukia lami kwa kishindo kilichofanya kila kitu kwenye kioo kiruke.

Ikakimbia, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kwenye vipokea sauti alisikia mama anahema.

"Abiria wako hai?" aliuliza.

"Wako hai, mama."

"Basi waambie washuke polepole. Mimi naweka chai."